Mkunga Aliyekilaza Kisima

Mtu akikusimulia kwamba Mkunga wetu alikuwa bibi mpole mwenye maneno ya asali, msikilize kwa adabu, maliza chai yako, ondoka. Huyo hakumjua. Mkunga niliyemjua mimi alikuwa mkali kama pilipili mbuzi, mwepesi wa kununa, na akikuchukia alikuchukia hadharani, usipate taabu ya kukisia. Nayasema haya kwa fahari. Kijiji chetu kilihitaji mtu wa namna hiyo, na Mwenyezi Mungu akatupa.

Jina alikuwa nalo kama watu wote, ila halikuwa na kazi. Wakubwa walimwita Mkunga, nasi tuliopokelewa na mikono yake tukamwita Bi Mkunga, na mgeni akija akauliza jina lake hasa, watoto walitazamana wakacheka. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko ya mumewe. Mumewe mwenyewe aliyasema hayo, tena mbele yake, na ndilo jambo pekee nililowahi kumsikia akilisema bila kuomba ruhusa.

Kwetu ni Kiuyu, kaskazini ya Pemba. Naeleza kwa sababu watu wakisikia Pemba hudhani kote ni mikarafuu na mabonde yenye vijito. Hiyo ni Pemba ya wenzetu. Ya kwetu ni maweni, ardhi ya jiwe la matumbawe lenye ncha, udongo umo kwenye mashimo tu, na humo ndimo tunamopanda muhogo na mtama. Mvua ikinyesha jiwe huinywa yote, na baada ya saa moja hujui kama ilinyesha. Watu wa Wawi, kwenye mikarafuu na vijito, wakija kwetu kwa harusi hushangaa, "Kumbe Pemba ina na huku?" Ina na huku, na huku ndiko kwetu, na hatubadilishani na mtu.

Kilichotuweka pale ni kisima kimoja. Vipo vingine, lakini maji yake ni ya kusukutulia tu. Hiki kimoja kilikuwa kitamu. Mababu walikikuta au walikichimba, hapo watu hubishana, lakini halibishaniwi hili: maji yake yakiingia chumvi moja kwa moja, hatuna kijiji. Kila mtu wa kwetu amekua akilijua jambo hilo kama anavyojua njia ya kwenda msikitini.

Na ulimi wa kisima ulikuwa wa mkunga. Ndiyo ada yetu. Wanaume wana msikiti wao, serikali ina sheha wake, lakini maji huonjwa na mkunga, kwa sababu yeye ndiye anayemwosha mtoto maji ya kwanza, na mtoto wa kwetu haoshwi maji ya chumvi. Basi kila alfajiri, akishasali, kabla hajamwamkia mtu yeyote, Bi Mkunga alikwenda kisimani, akateka kata moja, akayazungusha maji mdomoni huku amefumba macho, akameza. Wanawake walisimama na ndoo zao wakimtazama koo. Kisha alisema moja kati ya mawili: "Matamu," au "Yanataka kulala."

Yakitaka kulala, kisima kilifunikwa kwa kifuniko cha mbao, na hapakutekwa tone mpaka aonje tena. Kila nyumba ilikaa na kilichomo mtungini mwake. Siku ya pili, ya tatu, maji matamu yalijikusanya tena, akaonja, akafunua. Hapakuwa na mlinzi wala kufuli. Palikuwa na Mkunga na mdomo wake, na ule mdomo ulitosha.

Katika mambo ya maji alikuwa bahili wa kupindukia. Alioga kwa kata moja na akatoka msafi, sijui vipi. Akikuona unamwaga maji uliyooshea mchele alikufuata mpaka nyumbani. Dada mmoja aliyeolewa Mkoani alikuja kwao likizo, akaosha miguu yake kisimani kwa maji ya ndoo nzima, na Mkunga akamwuliza mbele ya watu kama huko bandarini wanaoshea miguu hivyo hivyo au wana farasi. Yule dada hakuonekana kisimani tena mpaka likizo ikaisha.

Lakini huyo huyo bahili alikuwa na mwasumini mlangoni kwake. Mwasumini, kwenye maweni, katika jua la kaskazi, umechanua maua meupe! Sote tulijua anaumwagilia maji matamu. Ukimsifia maua yake alikutazama moja kwa moja machoni akasema, "Haya maji niliyonawia." Mtu ananawa vipi hata mwasumini ukanukia mpaka barabarani, hatukumwuliza. Kila Ijumaa alituchumia wanawake kikuba kimoja kimoja cha maua hayo, tukakichomeka kifuani, tukanukia dhambi yake.

Nikiwa mtoto mvua zilikuwa na ahadi. Masika ilikuja wakati wa masika, vuli ikaja ikatunyeshea kiasi chetu, na kisima kililala mara chache tu kwa mwaka. Kisha mambo yakaanza kwenda upande. Vuli ikawa inapiga hodi, inachungulia, inaondoka. Masika inachelewa, halafu inamwaga yote kwa siku mbili tatu, inakokota hata ule udongo wa mashimoni kuupeleka pwani. Jua likazidi ukali. Hata mwani wanaoulima wanawake kule chini ulianza kuwa mweupe na kukatika, maji ya bahari yamekuwa ya moto. Na minazi ikaanza kufa imesimama: kwanza makuti ya chini, kisha kichwa kizima kinaanguka, kinabaki kigogo.

Minazi hiyo ilikuwa sisi. Mtoto akizaliwa kwetu, kondo lake huzikwa, na juu yake Mkunga hupanda mnazi. Wangu ulishika. Wa mdogo wangu ulikauka kabla hajajua kutembea, na mama alilia akidhani ni ishara ya msiba. Mdogo wangu yupo Wete, ana kitambi. Lakini siku ile hakuna aliyejua, na Mkunga naye hakuwa na la kumwambia mama ila kwamba kuna mtu mwenye jicho baya. Hiyo ndiyo tafsiri yake ya kwanza ya ukame: hasadi. Tafsiri ya pili ilikuwa watu wa mashamba makubwa kutotoa sadaka. Aliendelea kupanda minazi, ikafa, akapanda, ikafa, na ukimshauri aache alikwambia hujui kitu.

Kisha akaja kwetu bwana miti, kijana wa serikali mwenye shati jeupe na pikipiki, akaitisha mkutano uwanjani. Akasema hali ya hewa inabadilika dunia nzima, na sisi wa maweni tutaona mapema kuliko wengine. Akasema chini yetu kuna maji ya bahari, na maji yetu matamu ni ya mvua, mepesi, yameelea juu yake tu, unene wake mdogo. Mvua ikipungua nayo hupungua. Na tukiyateka kwa nguvu, chumvi hupanda.

Mkunga akasimama. "Kijana, we kwenu wapi?"

"Wawi, bibi."

"Basi weye umezaliwa ndani ya maji, mwanangu. Leo unakuja kutufunza kiu?"

Uwanja mzima ukacheka, na yule kijana wa watu akacheka nao, akakunja karatasi zake. Haukupita mwezi nikamkuta Bi Mkunga barazani kwetu anamwelezea mama: maji matamu yamelala juu ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, ukitia upawa polepole unapata mafuta, ukiuzamisha kwa pupa unapata mchuzi. Nikasema, "Bi Mkunga, si ndiyo aliyoyasema bwana miti?"

"Yeye kasema. Mie ndo nlofanya ikafahamika."

Tangu hapo bwana miti akawa mwanawe. Akija, chakula chake kiko kwake. Na yeye ndiye aliyemwambia kwamba mnazi hautaki tena mahali pale, na akamtajia miti inayovumilia jiwe na kiu. Mkunga alichagua mkunazi. Hakushauriana na mtu.

Mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, ndiye wa kwanza kupandiwa. Nilikuwa nimelala ndani nikasikia kelele za mavyaa wangu, mama wa mume wangu, mwanamke ambaye naye Mungu hakumnyima sauti.

"Mkunga! Mti wa kuoshea maiti wampandia mjukuu wangu?"

"Nonyeshe mnazi uloshika miaka hino, na mie ntapanda mnazi."

"Mkunazi wa wafu huno!"

"Na mjukuu wako ataishi milele? Mwache apate kivuli kwanza. Hayo ya kuoshwa yana siku yake."

Mavyaa akaungoa. Mkunga akapanda mwingine. Mavyaa akaungoa na huo, safari hii mwiba ukamwingia kidoleni, kikavimba, na aliyemtoa mwiba ule kwa sindano ni Mkunga, maana hapakuwa na mwingine mwenye macho na subira. Alimchokonoa kwa furaha ya wazi. Mkunazi wa tatu hakuna aliyeugusa. Leo njia yote ya kutoka kijijini hadi kisimani ina mikunazi pande mbili, mmoja mmoja una mwenyewe, watoto wanaokota kunazi na mbuzi wanagombania zilizobaki, na udongo umeacha kukimbilia pwani. Ukija kwetu adhuhuri utapita kivulini. Kwenye maweni! Ndiyo maana nasema hatubadilishani na mtu.

Sasa nije kwenye vyama, maana huwezi kumsimulia mtu wa Pemba wa miaka hiyo ukaruka vyama.

Mkunga alikuwa na chama chake, na alikipenda kuliko alivyompenda mumewe. Bendera ilikuwa juu ya paa lake. Mkutano ukiwa Micheweni alikwenda kwa miguu, akaimba mpaka sauti ikamkauka, akarudi akawa anatuzalisha kwa ishara. Mavyaa alikuwa wa chama cha pili, kwa mapenzi yale yale. Wanawake hawa wawili, waliokuwa wakigombana kila siku kama ndugu, baada ya uchaguzi waliacha hata kugombana. Ndipo nilipoogopa. Kijiji kizima kilikuwa hivyo: kwenye duka la hawa hanunui yule, mazishi ya wale hawendi hawa, mtu anapishana na binamu yake njiani anatazama jiwe. Baba yangu alikuwa upande wa Mkunga, mume wangu upande wa mama yake, nami nikiulizwa nilisema mimi niko upande wa jikoni.

Haikuchukua muda watu wa upande wa mavyaa wakaanza kusema kisima kina chama. Mwenye ulimi ana bendera juu ya paa. Akisema yanataka kulala, nani ajuaye kama ni maji au ni siasa? "Kinalala sisi tukiwa na harusi," mavyaa alisema. "Kwao wakiwa na harusi, kipo macho."

Basi wakachimba chao. Hatua chache tu kutoka cha zamani, kirefu zaidi, na wakatia mashine ya kuvutia maji. Mume wangu alikuwa miongoni mwa wachimbaji, na sitamsema vibaya, alichimba jiwe kwa mikono yake mpaka ikatoka damu. Siku maji yalipotoka yalikuwa matamu, wakapiga vigelegele, wakateka tangu asubuhi hadi magharibi. Bwana miti alikuja na pikipiki yake akasema, jamani, hivyo ni visima viwili lakini maji ni yale yale. Wakamwuliza yeye ni chama gani.

Upande wa pili haukukubali kushindwa. Kisima cha zamani kikaacha kulala. Kukilaza kulikuwa na maana gani, na wale wanavuta kwa mashine? "Tukiyaacha watayateka wao," ndiyo ikawa kauli ya pande zote mbili. Watu waliozoea kupimiana kata walijaza madumu wasiyoyahitaji, wakayamwaga uani, ili tu yasiende kwa jirani. Na Bi Mkunga, nasema haya ingawa najua angeninunia, alikuwa akionja kila alfajiri na kusema "Matamu." Alisema hivyo mpaka siku ambazo chai ilikuwa ikikatika maziwa kwa chumvi. Hakutaka wale wacheke.

Binti yangu alizaliwa katika kaskazi ya mwaka huo, asubuhi jua limeshapanda. Palikuwa na bendera mlangoni kwetu ya chama kisichokuwa chake, lakini alipoitwa alikuja mbio, akapita chini ya ile bendera bila kuitazama. Katika kazi hiyo hakuwa na mchezo. Alikuwa amefunzwa na muuguzi wa kituo cha afya, alivaa glavu, na mara mbili tatu alishawafukuza wenye uzazi mgumu waende hospitali wakati waume wao wanasitasita. Mtoto alitoka salama, akalia. Akamfuta, akamfunga kanga, akanipa kifuani, akanyoosha mkono.

"Maji."

Mavyaa akaleta ya kisima kipya. Mkunga akaonja, akatema. Akampa mtoto wa jirani kata, nenda kisima cha zamani. Yakaja. Akaonja. Nilikuwa nimelala namwona uso. Alikaa nayo mdomoni muda, kama mtu anayetafuta jambo ndani yake, kisha akayatema na hayo, mlangoni, mbele ya watu.

"Muoshe hivyo hivyo," mavyaa alisema kwa sauti ya chini. "Ni siku moja tu."

"Chumvi tutie samaki," Mkunga akajibu. Akatoka nje, akasimama uani, akaweka mikono kiunoni, akapiga ukelele uliofika mpaka pwani kwenye mwani. "Mtoto kazaliwa! Mtoto kazaliwa na hana maji!"

Walikuja. Wa chama hiki na wa chama kile, kwa mara ya kwanza tangu uchaguzi walisimama ua mmoja, kwa sababu ukelele wa mkunga kwetu ni wa msiba au wa furaha, na mtu hajui ni upi mpaka afike. Nikasikia sauti yake kupitia dirishani.

"Nyinyi mumechimba kisima cha ubishi," aliwaambia wale. Kisha akawageukia wenziwe. "Na nyinyi mumeteka kwa ubishi. Na mie huno ulimi wangu, ulimi wa kisima, umesema tamu na chumvi naimeza. Kwa ajili ya bendera. Mungu anisamehe. Mtoto yuno nimempokea sasa hivi, nimemtazama mbele na nyuma. Hana chama. Ana kiu tu."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi, kile kicheko cha watu walioona haya. Mume wangu hakucheka. Alichukua baiskeli na madumu mawili akaenda mpaka kijiji cha mbali chenye tangi, na alirudi wakati wa alasiri, shati limemgandia. Mtoto akaoshwa. Mavyaa ndiye aliyeshika beseni, Mkunga akaosha, na bado hawakusemeshana. Kisha mume wangu akatoka na spana zake, akaenda kisimani kwao, akaifungua mashine, akaiondoa. Hakuna aliyemzuia. Kabla ya magharibi wale wale waliochimba walikuwa wanakijaza mawe.

Nisikudanganye kwamba tulipendana siku ile ile. Bendera zilibaki, ubishi ulibaki, wapo waliokaa miaka bila kuzikana. Na maji hayakurudi kesho yake. Kisima kililala muda mrefu, tukanywa maji ya kubeba, wengine wakahama wakaenda Wete na Mombasa, na tulidhani kweli ndiyo mwisho wetu. Masika ilipokuja Mkunga aliweka sharti: haonji peke yake. "Aje na yule," alisema akinyoosha kidole nyumbani kwetu, "msije mkasema kisima kina chama." Basi kila alfajiri mavyaa na Mkunga walisimama kwenye kisima, kila mmoja na kata yake, wakaonja bila kusalimiana. Siku waliposema "Matamu" kwa pamoja walitazamana kwa bahati mbaya, na mavyaa akamwuliza hali ya goti lake.

Baadaye sana muuguzi alitufundisha kwamba si vizuri kumwosha mtoto mchanga mara tu anapozaliwa, asubiri kwanza. Mkunga akaniambia, bila kupepesa macho, kwamba siku ile alimchelewesha binti yangu makusudi.

Mume wangu alipata kazi Chake Chake, tukahamia Wawi. Miaka ikapita, mavyaa akafariki, na Mkunga macho yakamwishia. Mpwa wake akamchukua, akawa jirani yetu huko huko Wawi. Hakupapenda. Kila kitu kilikuwa kibichi mno. Mfereji ulikuwa uani, ukifungua maji yanatoka, na yeye alikaa kando yake akisikiliza watu wanavyoyamwaga, anasonya. Mwaka ule vuli haikunyesha kabisa, na uchaguzi ulikuwa unakaribia tena. Watu wa kwetu walipiga simu wakasema bendera zimeshapanda na maneno yameshaanza. Bi Mkunga akaniita.

"Nipeleke."

"Goti lako, Bi Mkunga."

"Goti halionji maji. Nipeleke, watakuwa washakimaliza."

Mimi nami niliogopa hivyo hivyo. Tukakodi gari. Njia nzima alikuwa akipanga maneno: nani ataanza naye, nani atamkumbusha alivyozaliwa miguu mbele, tusi gani la nani. Alikuwa na tusi la kila ukoo. Hakutaka kupita nyumbani, alitaka kisimani moja kwa moja. Tulifika jua la alasiri, nikamshika mkono kupitia kivuli cha mikunazi, na bendera za rangi zote zilikuwa zinapepea juu ya mapaa. Kisimani hapakuwa na mtu. Nikadhani wameshakikimbia. Mkunga akapapasa mpaka akagusa kifuniko, akaanza kukisogeza.

"Usikifunue, bibi!"

Alikuwa mwanamke kijana, ana ndoo tupu ubavuni. Sikumjua. Baadaye niliambiwa ni mwali aliyeolewa pale kutoka Tumbe. Alikuja mbio, akauondoa mkono wa Mkunga kwenye ubao, kwa adabu lakini kwa nguvu.

"Kimelala, bibi."

"Nani kakilaza?"

"Sisi."

"Sisi wepi? Wa chama gani?"

Yule mwali akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. "Sisi wa hapa. Tunaonja kwa zamu, kila nyumba. Juzi chumvi imeanza, tukafunika. Hatufunui mpaka yatue, hata kwa mgeni. Weye nani, bibi?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilitaka nimwambie yote, kwa sauti, wasikie mpaka pwani. Mkunga akanifinya mkono kwa ile mikono yake, mpaka nikanyamaza.

"Mgeni," alisema. "Napita tu."

"Basi twende kwangu, nna maji ya kunywa mtungini. Hayatoshi kuoga, lakini utapoza koo."

Tulikwenda, akanywa nusu kata, akashukuru, akambariki yule mwali na kizazi chake. Hakutaka kuonana na mtu mwingine. Ndani ya gari nilimwona analia, machozi yanateremka na mdomo unacheka, na hakuyafuta. Mimi nilikuwa bado na hasira kwa niaba yake.

"Kwa nini usimwambie weye ni nani, Bi Mkunga?"

"Ningemwambia," alisema, "angenifunulia."